Gari ya Viti Viwili

Ghubra, Maskati
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Jaifar,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kikwajuni, wewe na gereji yako na paka wako wote. Sisi huku wazima. Joto limeanza kulegea, magoti yangu bado. Mwanangu Hisham hajambo. Ana simu tatu na akili ya kutumia moja. Mkewe Bashayer hajambo, na wajukuu wanne wanakula kama watu wanaoanza kufunga kesho. Mimi mwaka wa sita huu tangu nistaafu ukaguzi wa skuli, na mpaka leo nikiona mtoto shati limemtoka nje mkono unaniwasha nimwandikie ripoti. Nasriya mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na zako. Ile bizari aliyonisagia mara ya mwisho naitia kwenye pilau kwa choyo kama dawa ya macho.

Utauliza kwa nini barua, na simu zipo. Simu yangu Hisham kaniwekea sawa, na maana yake ni kwamba kila ninapokwenda yeye anaona kidoti kinatembea. Juzi nilikaa saluni saa mbili, akapiga: "Mama, umepata ajali? Kidoti hakiendi." Na lile kundi la ukoo lina watu hamsini na sita. Ukikohoa humo, mpaka wa Toronto wanakuombea dua. Kwa hiyo barua hii naipeleka kwa mkono wa jirani anayekuja Unguja, na wewe utanijibu kwa njia hiyo hiyo, bahasha imegundishwa.

Sasa nisikilize. Nataka kununua gari ya spoti.

Cheka umalize, nakusubiri.

Ile Prado aliyoniachia marehemu mume wangu Thani ina viti saba, na ukoo mzima unavijua viti hivyo kama unavyojua vyumba vya nyumba ya bibi. Asubuhi skuli, mchana skuli, Jumatatu hospitali na mama yake Bashayer, Alkhamisi arusi ya mtu nisiyemjua, Ijumaa msiba wa mtu nisiyempenda. Mimi si mama tena, ni kituo cha mabasi. Nataka gari ya viti viwili. Kimoja changu, kimoja cha mkoba wangu.

Nimeona mbili. Moja ni Mazda nyekundu, ile ndogo ya MX-5, ya mwaka 1999. Ni ya kijana anaitwa Sinan, anakaa Khuwair ya Kusini, anaoa mwezi ujao. Mkwewe kasema binti yake hawezi kupakiwa ndani ya kiatu. Ina paa la turubai lenye kiraka, na ikiwaka inalia kama cherehani. Ya pili ni Nissan Z ya 2004, rangi ya fedha, mwenyewe anaitwa Musallam, yupo hapa hapa Ghubra mtaa wa tatu kutoka kwangu. Hiyo inang'ara, injini kubwa, na ndani inanukia udi kama bibi arusi.

Wewe umekula grisi miaka arobaini. Niambie nichukue ipi, na usimwambie mtu.

Dada yako,
Mwanamize


Kikwajuni, Unguja
2 Novemba 2024

Dada Mwanamize,

Shikamoo. Barua imefika, ina alama ya sufuria, sijui jirani yako aliipakia na nini. Huku vuli imeanza na mvua inanyesha kwa hasira. Gereji wazima sote. Paka mmoja kazaa ndani ya boneti ya gari ya mteja, na mteja kasema hawezi kuwatoa mpaka wafumbue macho, kwa hiyo nna gari siwezi kuitengeneza na paka siwezi kuwafukuza.

Nimecheka, ndiyo. Nilicheka mpaka mteja wangu akaniuliza kama nimepata urithi. Una miaka sitini na mbili, dada. Ile gari ndogo ukiingia utaweza, kutoka itabidi uwaite zimamoto.

Lakini umeuliza, na mimi ni fundi. Usitazame rangi. Rangi ni poda. Nenda kwa kila gari na ufanye hivi. Zima kiyoyozi, funga milango, unuse. Tia mkono chini ya zulia. Tazama ndani ya kioo cha taa za mbele, kuna nini. Inama uone reli ambazo kiti kinatelezea. Mwambie mwenyewe asiiwashe asubuhi mpaka ufike, uiwashe mwenyewe ikiwa baridi. Kisha panda nayo mlima, gia ya tatu, usibadilishe, usikilize. Niandikie kila kitu ulichokiona, hata kama unakiona cha kijinga.

Na kuhusu kumwambia mtu, nimwambie nani? Nyumba yangu kimya.

Mdogo wako,
Jaifar


Ghubra, Maskati
20 Novemba 2024

Jaifar,

Kwanza za nyumbani. Sote wazima, ila Bashayer kaanza kula chakula cha kupunguza mwili na sasa nyumba nzima inakondeshwa na ghadhabu zake. Nasriya msalimie tena, hukuniambia kama salamu zilifika.

Pili, Hisham kaja na karatasi kubwa. Kanichorea chumba. Anataka niipangishe nyumba ya Ghubra, nihamie uwani kwake, baina ya jiko na matangi ya maji. Choo chake mwenyewe, anasema, kama ananipa cheo. Nikamuuliza, "Dirisha linatazama wapi?" Akajibu kwa furaha kabisa, "Linatazama gereji, Mama, uwe unaiona Prado yako." Nimeikunja ile karatasi vizuri, nimefunikia unga.

Sasa gari. Nilianza kwa Sinan. Kijana mkweli mpaka unamhurumia. "Mama, nikwambie ukweli? Paa linavuja." "Linavuja upande gani?" "Juu ya kiti cha abiria. Dereva harowi." Nikamwambia hilo si tatizo, hiyo ni faida. Ndani inanuka vumbi na mafuta, zulia limechakaa mpaka linaonesha chuma, chuma kikavu. Taa safi. Reli za kiti zina mchanga na hereni moja, na Sinan alipoiona hereni akawa mwekundu kuliko gari. Iliwaka mara moja. Tukapanda njia ya Qantab, ile inayojipinda majabalini kabla hujaiona bahari, gia ya tatu kama ulivyosema. Jaifar, sikusikia kitu. Nilisahau kusikiliza. Paa tumelifungua, mtandio umeniruka, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu huku Sinan anasoma dua.

Kwa Musallam nilikwenda siku ya pili. Yeye anaita kila mtu mama lakini macho yake yanahesabu bangili. "Hii, Mama, ilikuwa ya daktari. Kuendea msikitini na kurudi tu." Nikatazama mita ya masafa. "Msikiti gani ulio mbali hivyo, Makka?" Zulia lake jipya, limebandikwa, mkono hauingii. Taa zina ukungu kwa ndani, kama miwani ukifungua chungu. Reli za kiti zina mstari wa kahawia, sawa sawa kama umepigwa kwa rula. Nilipozima kiyoyozi na kunusa, udi ulikuwa juu, na chini ya udi kuna harufu ya kisima. Lakini ina nguvu, nikubali. Ukikanyaga inakusukuma mgongo, na kwenye kivuko cha watu wanaume wawili waligeuka. Gari waliigeukia, najua, lakini mwenye kukaa ndani hunufaika.

Nimechanganyikiwa. Moyo upo kwa kile kiatu, macho yapo kwa ile ya fedha. Sema wewe.

Mwanamize


Kikwajuni, Unguja
15 Disemba 2024

Dada,

Natumai nyote wazima. Sisi wazima. Umeme unakatika, mvua imepungua, paka wamefumbua macho.

Chukua Nissan. Injini kubwa, bodi nzima, gari yenye heshima ya mtu wa umri wako. Ile Mazda ni kitu cha watoto, na paa linalovuja halina dawa. Ukungu kwenye taa usikushughulishe, ni baridi ya Maskati. Mstari kwenye reli ni kutu ya kawaida. Huna haja ya kuipeleka kwa fundi mwengine. Mafundi wa huko wanatafuta kasoro ili wapate kazi.

Nna kazi nyingi, niwie radhi kwa ufupi.

Jaifar


Ghubra, Maskati
9 Januari 2025

Jaifar,

Leo huna salamu. Wazima wazima, wagonjwa wagonjwa.

Baridi ya Maskati! Novemba! Ningekujua hapo hapo. Miezi ambayo watu wanalala na kiyoyozi wewe unaniambia baridi. Lakini wewe ni mdogo wangu, nilikubeba mgongoni nikakufuta makamasi kwa kanga yangu ya Idi, nikasema labda kuna elimu siijui.

Bahati yangu ni ukaguzi. Miaka thelathini sijatia saini kitu bila kukikagua. Nikamwambia Musallam nampa jibu, lakini kwanza naichukua gari asubuhi moja. Nikaipeleka Wadi Kabir kwa fundi anaitwa Hatem, mtu mnene, mpole, anakunywa chai kwenye gilasi kubwa kama jagi. Akaipandisha juu, akaitazama chini, akaishusha. Akafungua kiti, akabandua pembe ya zulia jipya, akachota kitu kwa kidole, akanionesha kama ananionjesha halua. Tope.

"Mama, gari hii imezama kwenye wadi, bonde lilipojaa maji ya mvua. Ililala humo si siku moja."

"Itakwenda?"

"Mwezi. Pengine na nusu. Kisha waya zitakufa mmoja mmoja. Leo taa, kesho usukani. Na ule mfuko wa hewa wa kukinga ajali, Mama, siwezi kukuapia kwamba hautakupasukia usoni ukiwa umesimama unanunua mkate." Akanitazama. "Nani kakwambia uichukue?"

"Fundi wangu wa Unguja. Nilimwandikia kila kitu. Ukungu, mstari, harufu, vyote."

"Ukamwandikia vyote na akasema chukua?" Akaweka chai chini. "Huyo fundi mna ugomvi?"

"Ndugu yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Yule mtu akasema kwa adabu sana, "Basi kamtake radhi, Mama. Lazima kuna kitu kikubwa ulimfanyia."

Nikairudisha. Musallam nikamwambia gari yako imekunywa wadi nzima. Akajibu, "Maji ni baraka, Mama." Namwombea baraka hizo zimfike chumbani.

Ijumaa tukawa tunakula kwa Hisham. Nikasema, kwa sauti tu ya kupitisha maneno, kwamba nimeachana na ile gari. Hisham, bila ya kuinua uso kwenye simu yake, kasema: "Ile Nissan? Mbona Mjomba Jaifar alisema..." Akakatika. Bashayer kamkanyaga chini ya meza, nimesikia kiatu.

Sijamtajia mtu Nissan, Jaifar. Nimekutajia wewe, kwenye bahasha iliyogundishwa.

Nna maswali mawili. La kwanza, ulijua? La pili, Nasriya yuko wapi? Namsalimia tangu Oktoba na hajanirejeshea hata nusu ya salamu, na yule mwanamke hata akiwa na homa hutuma salamu na pishi ya mbaazi. Jibu yote mawili, na usinitajie paka.

Mwanamize


Kikwajuni, Unguja
11 Februari 2025

Dada yangu Mwanamize,

Shikamoo, hata kama hutaipokea. Barua hii nimeianza mara nne. Watu watatu wanaosafiri wamepita hapa wakaniuliza kama nna mzigo wa Maskati, nikawaambia bado.

La kwanza. Nilijua. Nilipofika pale ulipoandika harufu ya kisima nilijua, nikaweka barua chini nikasema alhamdulillahi, dada kaiona mwenyewe. Kisha Hisham akanipigia. Kidoti chako kilimpeleka mpaka mlangoni kwa Sinan na mpaka mtaa wa tatu, akauliza watu, akajua kinachotafutwa. Akanambia, "Mjomba, mwambie asinunue." Nikamwambia, ukimwambia mama yako asinunue, atanunua zote mbili. Basi tukasema bora anunue moja itakayomchosha. Itagoma mara tatu barabarani, ataiuza mwenyewe kwa hasira, na atahamia kwake bila ya mtu kumlazimisha. Hisham hakujua kuwa ni ya maji. Nilimwambia ni kuukuu tu. Dhambi ya maji ni yangu. Nilidhani itakufa imesimama, kama zinavyokufa nyingi. Mfuko wa hewa sikuufikiria. Miaka arobaini ya ufundi, na mfuko wa hewa sikuufikiria, na barua yako naisoma hapo kila siku.

Na nilikuwa na hila yangu nyengine ambayo hata Hisham hakuijua. Nilisema ukichoshwa na gari na ukikichukia kile chumba cha uwani, utakuja Unguja ukae na mimi.

Kwa sababu la pili ni hili. Nasriya kaondoka tangu Juni. Yuko Wete kwa dada yake.

Unaikumbuka ile Datsun ya milango miwili niliyokuwa nikiitengeneza? Injini yake niliiingiza ndani mwaka juzi isirowe. Nikaiweka ukumbini juu ya meza ndogo, nikaitandikia gazeti. Nasriya akawa anapokea wageni wake na injini. Siku moja kasimama mlangoni na deki mkononi, akanambia, "Jaifar, mimi au injini." Mimi nikacheka. Nilidhani anafanya mzaha, na ulikuwa mzaha mzuri. Siku ya pili kapanda boti ya Pemba na begi moja.

Sikumwambia mtu. Majirani nimewaambia anauguza. Nimejifunza kupika wali, unatoka kama uji, na mchuzi unatoka kama wali.

Nimekukosea. Huna haja ya kunijibu.

Jaifar


Ghubra, Maskati
27 Februari 2025

Jaifar mpumbavu,

Wa alaykum salaam. Marahaba, nimeipokea, lakini kwa mkono wa kushoto.

Nimekasirika wiki moja nzima, nimepika kwa hasira, chumvi imezidi, wajukuu wamekula vile vile. Nisingekuja kwako hata kwa kufungwa kamba. Ulikuwa unataka dada au unataka mpishi? Mpishi kodi.

Mazda nimeinunua. Sinan alilia kidogo alipotoa ufunguo, na alipokuwa anabadilisha mulkiya, kadi ya umiliki, kwa jina langu aliipapasa ile kadi kama anaizika. Hatem kaikagua, kasema ina uzee wa haki, si uzee wa kuficha. Paa anatafuta jengine, kwa sasa mwenye kukaa kulia ashike mwavuli. Prado nimeiuza. Bashayer aliposikia aliuliza, "Na watoto nani atawapeleka?" Nikamwambia, nasikia wana baba.

Hisham hakusema na mimi siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu kaja asubuhi, kasimama mlangoni kaitazama gari kama mtu anayetazama mama yake kavaa suruali. Nikamwambia ingia. Kaingia kwa mafungu, kichwa mwisho. Tukenda Qantab. Kona ya kwanza kashika mlango, ya pili kashika shahada, ya tatu kasema, "Mama, mimi naogopa tu. Baba alikufa peke yake ndani ya nyumba ile. Sitaki na wewe."

Nikaegesha pale wanapovuta mashua. Na nikamwambia kitu ambacho sijamwambia mtu, na sasa nakwambia wewe, kwa sababu umenambia la Nasriya na sipendi kudaiwa siri.

Siku ile Thani alipoanguka, mimi nilikuwa kwenye foleni ya skuli. Viti saba, vyote vitupu, nasubiri kengele. Alinipigia. Simu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba kiti cha nyuma kabisa. Nilipofika nyumbani watoto wakigombania juisi, alikuwa keshapoa. Miaka mitano tangu siku ile, kila mchana mimi narudi kwenye foleni ile ile, mahala pale pale, na nyinyi mnanambia unasaidia, unajishughulisha, afadhali. Mimi hufika pale nikatazama nyuma, nikaviona viti.

Hisham alikuwa hajui kama baba yake alinipigia. Wavuvi wawili walikuja kutuuliza kama gari imeharibika, Hisham akawaambia nzima. Kisha kaomba simu yangu, nikadhani anataka kupiga. Kumbe anakitoa kidoti. "Mama," kasema, "ungetwambia." Nikamwambia, na wewe ungeuliza. Tukarudi. Kona ya mwisho aliomba tufungue paa.

Karatasi ya chumba nimemrejeshea, ina unga.

Na jengine. Nambari ya dada yake Nasriya nilikuwa nayo tangu arusi ya mtoto wao. Nimepiga. Nimezungumza na mkeo saa nzima. Nimemwambia aje kwangu baada ya Idi, akae mwezi, viza yake nishaanza kuihangaikia. Kakubali. Aliyoyasema mengine ni yake.

Funga vyema.

Mwanamize


Kikwajuni, Unguja
22 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Habari ya Thani nimeisoma mara mbili kisha nikaenda nikakaa gereji peke yangu. Nisamehe kwamba hata mimi nilikwandikia afadhali.

Nasriya kasema nini? Hukuniambia kasema nini. Kasema "Jaifar" au kasema "yule"? Kuna tofauti.

Injini nimeitoa ukumbini. Wameibeba watu wanne, na mlango umevunjika bawaba. Meza nimeisugua, alama ya mafuta haitoki, nimeifunika kitambaa. Mwambie kwamba nimeitoa. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Nimekata tiketi. Nitafika Maskati Alkhamisi, tarehe 24 Aprili, mchana. Usimwambie, nataka iwe ghafla.

Nakuomba unipokee uwanja wa ndege. Nna mizigo, nimemchukulia vitu vyake.

Jaifar


Ghubra, Maskati
17 Aprili 2025

Jaifar,

Idi ilikuwa njema, tumekula mpaka aibu. Hisham sasa anapeleka watoto skuli mwenyewe, na keshagombana na walimu wawili na mama mmoja kwenye foleni. Bashayer kaacha chakula cha kupunguza mwili, tunamshukuru Mungu kwa kila jambo.

Nasriya yuko hapa tangu tarehe sita. Kanenepa kidogo, umri umemrudi nyuma, na keshawajua wauza samaki wote wa Matrah kwa majina. Tiketi yako nimemwambia siku ile ile barua ilipofika. Mwanamke aliyefanyiwa ghafla mara moja hafanyiwi ya pili, na mimi na wewe tumeshafichana vya kutosha.

Jana nilimchukua Qantab. Mtandio kaufunga kidevuni kama rubani, na kwenye kona hakushika kitu. Tulikaa mchangani tukala samaki wa kuchoma. Nikamwambia injini keshaitoa, wameibeba watu wanne.

Akanigeukia. "Injini? Nani kasema habari ya injini?"

"Si ulimwambia wewe au injini?"

"Nilimwambia. Ile injini ningeitilia shanga, Mwanamize, ningeivisha kanga. Miaka thelathini na moja nakaa na mtu ananuka dizeli, injini moja ndiyo initoe? Mimi nilisimama pale na deki mkononi, nikasema 'mimi', neno ambalo sikupata kulisema tangu niolewe. Na yeye kacheka." Akatupa mwiba. "Kisha miezi kumi hakupanda boti. Boti ya Pemba, saa chache. Kasubiri mpaka nije Maskati ndiyo anapanda ndege."

Nilitaka kukutetea, kwa kuwa damu ni damu. Nikala samaki.

Tukarudi. Tulipofika taa nyekundu ya Wadi Kabir kasema, "Atakuja na koti lake lile la kahawia?" Nikamwambia sijui. "Mwambie asije nalo, huku joto." Hakusema "yule". Hakusema "Jaifar" pia. Alisema "atakuja", na kwa hali yako hilo ni jingi, lichukue hivyo hivyo.

Kasema atakusikiliza. Utakaa sebuleni kwangu, utasema, na hutocheka. Akimaliza kukusikiliza ataamua anarudi Kikwajuni, anarudi Wete, au anabaki na mimi tuzeeke pamoja na wauza samaki. Mimi nimemwambia kitanda kipo kwa uamuzi wowote. Kitanda chako wewe kipo kwa Hisham, kwenye kile chumba, kakijenga hata hivyo, uwani, baina ya jiko na matangi. Choo chake mwenyewe.

Kuhusu kukupokea uwanja wa ndege, itakuwa vigumu. Siku ya Alkhamisi mimi na Nasriya tunakwenda kula samaki, na gari ina viti viwili. Teksi utaziona ukitoka tu, mkono wa kulia.

Dada yako,
Mwanamize